Nilitakiwa kutoa ushahidi kuhusu nyumba ambayo sijawahi kuingia: kura ya kumsimika Themba kanisani kwetu Joburg

Wakuu, habari za mapumziko.

Jambo hili limenipata mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki. Nikikosea herufi mnisamehe, shule niliiachia darasa la nne. Nikikosea ukweli, hapo mnishike shati.

Mimi ni Mtanzania, Johannesburg nina miaka ishirini na kitu. Nilianza kwa kutembeza mablanketi begani pale mjini kati. Leo nina duka la jumla, mablanketi na mapazia, na wenyeji nimewaajiri. Hakuna aliyenibeba. Nasema hivyo mjue kwamba anayeongea hapa si mtu wa kuburuzwa.

Vilevile ni mzee wa kanisa, Presbyterian. Tunasali kwenye jengo la zamani karibu na duka langu. Kuna Wazulu, Wakenya, Wakongo, na sisi Watanzania wachache.

Kwa msiojua utaratibu wetu: kwetu mchungaji haamui peke yake. Baraza la wazee ndilo linaloamua. Na kila mzee ana eneo lake. Kabla ya kila Meza ya Bwana, mara nne kwa mwaka, unapita nyumba kwa nyumba na kadi za kushiriki. Unaingia, unakaa, unauliza hali, mnasali, unaondoka. Halafu kwenye kitabu cha ziara unatia tiki.

Hiyo ndiyo kazi ya mzee. Suti ni mapambo tu.

Sasa, eneo langu ni Berea. Ghorofa ya nne ya flat moja hivi anakaa Themba, Mzulu, mwalimu wa primary. Anakaa na mwanaume mwenzake, Mkongo wa Bukavu anaitwa Lucien, nesi. Sheria ya hapa inaruhusu, wana cheti cha ndoa kabisa.

Mimi kule juu nilikuwa sipandi.

Lift mbovu, magoti yangu nayo mabovu. Ndivyo nilivyokuwa najiambia. Ukweli ni kwamba sikutaka kukaa kwenye kochi lao. Kadi zao nikawa namwachia security getini, narudi zangu, kwenye kitabu natia tiki.

Miaka sita wakuu.

Mwaka huu waumini wakapendekeza majina ya wazee wapya. La Themba likapata watu wengi. Msishangae, ndiye anayewapeleka bibi zetu kliniki kupanga foleni alfajiri, na darasa la kipaimara ni lake. Lakini jina lazima lipite kwenye baraza, na hapo ndipo moto ulipowaka. Wengine wakasema akisimikwa wanahama. Wengine wakasema asiposimikwa wanahama.

Kulikuwa na mama mmoja kwenye baraza, Mama Zawadi. Mtanzania mwenzangu wa Morogoro, aliolewa na mpigania uhuru wa huku enzi walipokuwa wakimbizi kwetu, uhuru ulipopatikana wakaja huku wote. Sasa mjane. Huyu alikuwa na kikundi cha akina mama wanne. Hawakubeba bango, hawakuandika barua. Walikuwa wanamfuata mzee mmoja mmoja, kazini kwake.

Akaja dukani kwangu. Nikamwambia kabla hajakaa, "Dada, kama ni ile habari, kura yangu huipati."

"Sijaja kuomba kura, Baba Rehema. Nimekuja kuomba uende ukanywe chai kwao. Kila mzee namwomba hivyo hivyo. Kanywe chai, halafu kapige kura unayotaka."

"Mimi nimeshatembelea kule."

Akaniangalia. Akashika blanketi moja, akauliza bei, akasema ni ghali, akaondoka.

Baadaye sana ndio nikajua kwamba alikuwa anafahamu kila kitu. Alikuwa anaenda pale kila mwezi.

Siku ya baraza ikafika. Jumamosi mchana, tuko wazee kumi na mmoja, mchungaji anaongoza kikao, yeye hapigi kura. Upande wa kupinga alikuwa anaongea Njoroge, Mkenya wa benki, msomi, anaijua Biblia mpaka Kigiriki chake. Mimi nilikuwa upande wake. Sifichi.

Njoroge akafungua kitabu cha ziara. Akanigeukia, akaongea Kiswahili makusudi ili nisije nikasingizia kwamba Kiingereza kimenipita. Mama Zawadi akawa anawatafsiria wengine.

"Mzee, miaka sita umekuwa ukiingia kwa hiyo nyumba. Tiki zako ziko hapa zote. Sisi wengine tunasikia tu maneno ya nje. Hebu ambia baraza, ni maisha gani wanaishi huko ndani?"

Wakuu, nilielewa anachotaka. Mimi nilikuwa ndiye shahidi. Niseme "si nyumba ya mzee wa kanisa," basi, Themba kwisha. Hakuna wa kunibishia, kitabu kinanibeba.

Na nilitaka jina lile lianguke. Maneno niliyokuwa nayapanga nyumbani yalikuwa hayo hayo.

Lakini kuna kitu kimoja. Mimi katika biashara nimetukanwa mchoyo, nimetukanwa mkali, mwongo bado. Na sasa nilikuwa nimeshikiwa uongo wangu mwenyewe mbele ya macho yangu na mtu ananisifia nao.

Nikasema, "Sijui."

"Hujui vipi?"

"Sijawahi kuingia. Kadi nilikuwa nampa security. Tiki nilitia za uongo."

Mama Zawadi akatafsiri neno kwa neno. Hakulainisha hata moja, na wala hakuniangalia.

Mzee mmoja wa Soweto akasema tu, "Eish."

Njoroge alikunja uso kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Mchungaji akafunga kitabu, akasema kura haipigwi leo. Nina wiki mbili niende nyumba ile, nirudi na neno. Nikirudi, mambo yangu mimi nayo yatajadiliwa.

Nikapanda Jumapili iliyofuata. Ghorofa ya kwanza nilipumzika. Ya pili nilipumzika. Ya tatu nilikaa kabisa kwenye ngazi, anapita binti ananisalimia "sawubona mkhulu", yaani babu. Nikaitikia tu.

Lucien akafungua mlango. Akapiga kelele ndani, "Themba! Papa amepanda!" Kama amefika rais.

Halafu akanigeukia, akinionyesha kochi. "Papa, ikala, ikala. Tulikuwaka tunakuona ku dirisha, ukiachaka makadi kwa sentinelle. Themba anasema magoti inamuuma mzee. Mimi nasema hapana, si magoti."

Anacheka. Mimi nilitafuta pa kuweka mikono.

Themba akatoka jikoni, akanisalimia kwa heshima zote, "Baba." Kiswahili anakisikia kidogo, kukisema hawezi. Mezani kulikuwa na daftari za watoto anasahihisha. Kochi ni la kawaida tu wakuu. Limechakaa upande mmoja.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nikauliza, "Humu nani anapika?"

Lucien karibu amwage chai. "Papa, kila mtu akiingia humu anaulizaka ile! Mimi ndiye napika. Huyu anaunguzaka hata maji."

Themba akauliza amesema nini, akaambiwa, wakabishana kwa Kizulu kuhusu sufuria fulani. Walivyobishana ni kama mimi na Mama Rehema, mambo ya miaka mingi yanarudi.

Nikawaomba radhi. Sijazoea, nilisema haraka. Themba akasema, "Kulungile, baba," yaani hamna neno. Kisha akainamisha kichwa, akasubiri. Nikakumbuka kilichobaki. Nikasali nao.

Sikulia. Sikuona maono. Nilishuka ngazi, magoti yanauma vilevile.

Baraza la pili nikatoa ripoti fupi. Niliwaambia: nimeingia, nimekunywa chai, nimesali nao, ni nyumba ya watu wanaosali na kupendana. Mambo ya Kigiriki nyinyi mliosoma mtamalizana wenyewe. Mimi mliniuliza nyumba.

Kura za siri zikapigwa. Sita ndiyo, tano hapana.

Njoroge alinisubiri kwenye parking. "Mzee, ile kura ya sita ni wewe."

"Ni mimi."

"Umeuza imani kwa kikombe cha chai."

"Nilikuwa nimeiuza kwa tiki."

Akaingia kwenye gari. Hatujaongea mpaka leo, na nakiri namkumbuka, alikuwa rafiki yangu wa kweli.

Kuhusu mimi, baraza lilinivua eneo kwa mwaka mzima. Uzee nimebaki nao, kitabu sikishiki. Nilistahili, sikukata rufaa.

Themba alisimikwa mwezi uliopita. Kwetu anayesimikwa anapiga magoti, wazee wanamzunguka na kumwekea mikono. Wawili hawakuja. Njoroge alikuja, alikaa benchi la nyuma, hakutoka mbele. Mimi nilitoka. Kichwa cha Themba kilikuwa na jasho, na mimi nilijiuliza miaka yote hiyo aliendeleaje kuja kila Jumapili.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Nilikuwa na msimamo mkali kuhusu watu ambao sikuwahi kuvuka kizingiti chao, na msimamo wenyewe niliulinda kwa uongo. Sisemi nimeelewa kila kitu. Maandiko bado yananisumbua, nayasoma polepole. Ila siwezi tena kumpigia mtu kura ya hapana nikiwa nimesimama getini kwake.

Walio kwenye makanisa mengine, kwenu mnafanyaje? Na wewe unayepinga, umewahi kukaa kwao hata mara moja? Jibuni kwa uwazi. Anayetaka kunitukana naye aandike, nimeshatukanwa na wanaonijua, nyinyi hamtanishinda.