Jina la Mama Kwenye Hitma

Harufu ya ubani ikinifikia, najua kuna hitma kabla sijajua unatoka nyumba gani. Majirani zangu wa Pongwe wamenizoea: hitma nakuja, nakaa mkekani na wenzangu, naitikia amina hadi mwisho, lakini sahani ya ubwabwa ikifika kwangu naisogeza kwa jirani. Wanasema naringa. Mmoja alinitolea uvivu mbele za watu, "Shoga, wali wetu una nini?" Nikacheka. Nyinyi nitawaambia, maana yule angelia, nami sipendi kuliliwa.

Sisi tulikimbia vita vya Somalia. Babu wa babu zetu walichukuliwa utumwani pwani hii hii, wakapitishwa Pangani wakauzwa huko Somalia, na wajukuu wao hawakuacha Kizigua wala ngoma zao. Vita vilipowaka, kila mwenye bunduki aliona sisi hatuna mwenyewe. Nilikuwa na miaka sita. Bibi, mzaa mama yangu, alinibeba mgongoni tukapanda chombo Kismayu. Mama alishuka kumtafuta baba. Chombo kikajaa, na nahodha hakumngoja mtu.

Njia nzima Bibi alikuwa akisema tunarudi kwetu. "Mwacha asili ni mtumwa," akiniambia, huku akinipangusa matapishi. Kumbe kwetu kulikuwa na geti. Tuliwekwa kambini, nje kidogo ya Pongwe, na kwenda sokoni Tanga kulitaka kibali. Ukikamatwa huna, unalala ndani. Wanavijiji walitupenda. Walikuja kusikiliza Kizigua chetu wakicheka hadi machozi, "Hawa wanasema kama marehemu bibi yangu!" Lakini wazee wetu walipoandika barua kuomba uraia, jibu lilikuwa moja: subirini. Waliandika barua nyingine, na nyingine. Kwenye ardhi walikoibwa babu zao, wao wakaitwa wageni.

Mwaka wa pili ikasomwa hitma ya wote waliokufa vitani. Kila nyumba ilimpa mwalimu wa madrasa majina ya watu wake ayaandike awarehemu. Bibi alimuuliza mwalimu, "Na yule ambaye hatujui yuko wapi?" Mwalimu akamjibu, "Mtaje, mama. Dua haimdhuru aliye hai." Hayo niliambiwa ukubwani. Wakati ule mimi nilikuwa jikoni, navizia ukoko. Nilichosikia ni jina la mama yangu likisomwa katikati ya maiti, na watu wakiitikia amina.

Mtoto wa kwetu haelezwi habari za kifo, wala haulizi. Basi sikuuliza. Niliketi na wenzangu nikala. Ubwabwa ulikuwa na tui zito, na naona haya hadi leo kuwaambia: nilikula sahani mbili.

Haikupita miezi mingi wakaja maafisa kuandikisha familia. Waliopotezana na ndugu zao watatafutiwa, waletwe wakae pamoja, na faili hilo hilo ndilo litakalotumika kwa uraia. Waliwahoji watu mmoja mmoja, hata watoto, waone kama maneno yanaoana. Afisa wangu alikuwa mpole, alinipa peremende.

"Mama yako yuko wapi?"

"Amekufa."

"Ulimwona?"

"Tumemsomea hitma. Nilikula ubwabwa wake."

Akaandika. Na Bibi, dakika chache kabla, alikuwa amemwambia kwamba binti yake yu hai, wamtafute.

Kisha ikaja barua, imeletwa mkononi na mtu aliyetoka kambi moja ya Kenya. Mama yu hai! Yuko peke yake, na anaomba achukuliwe. Wanawake walipiga vigelegele hadi wanavijiji wakaja kuuliza nani kaolewa. Asubuhi Bibi akaomba kibali, akaenda mjini na barua yake kifuani. Jioni alirudi amebeba viatu mkononi. Faili lilisema mama amefariki.

Akaenda tena. Mara ya nne nilikwenda naye. Afisa alikuwa amechoka kumwona. "Bibi, wewe unasema yu hai. Mtoto huyu alisema amekufa, amezikwa na dua. Mwongo nani?"

Bibi alinitazama mara moja tu. Nilijua ni mimi. "Nenda nje ukanywe maji bombani," akaniambia. Nikaenda. Nilidhani ananifukuza kwa hasira.

Tuliambiwa uchunguzi unafanyika. Ulifanyika na kufanyika, hadi mama akashikwa na homa kule kule kambini Kenya akafa kweli. Yule yule aliyeleta barua ndiye aliyeleta habari. Watu walitaka kupika, Bibi akakataa katakata. "Yake tumeshasoma," alisema. Neno lile lilinichoma. Nililibeba miaka yote niliyoishi naye, kila akinisuka nywele nikingoja aniambie: wewe ndiye uliyemuua mama yako. Hakuniambia. Wenzetu walipata uraia, jina la Bibi halikuitwa kamwe. Alifia kambini, mkimbizi, na kadi yake ya ukimbizi chini ya godoro.

Nilipokuwa mtu mzima nilifuatilia karatasi zangu mwenyewe. Karani, binti mdogo tu, alinigeuzia faili la zamani nihakiki majina. Nikafunua ukurasa mmoja zaidi. Ilikuwa imeandikwa: *Bibi amekiri kuwa yeye ndiye aliyemfundisha mtoto kusema mama amefariki, ili waonewe huruma. Anasema mtoto hana kosa.* Chini, kwa kalamu nyingine: *Mwombaji si mkweli. Ombi lake la uraia lisimamishwe.*

Na pembeni, dole gumba lake, la wino wa zambarau. Bibi hakujua kusoma, lakini alijua anatia dole kwenye nini. Alikuwa mwongo machoni pa serikali hadi kaburini, ili faili lisije likaandika kwamba mjukuu wake alimzika mama yake kwa mdomo. Na mimi nilikuwa nje, bombani, nakunywa maji.

Nilimwomba yule binti nikae kidogo.

"Saini kwanza, dada," akasema, "kuna foleni."

Nikasaini.