Turbo Iliyofungwa Ijumaa

Ndugu yangu Joash Obwocha alikufa bila kuwahi kumiliki gari, ingawa tangu utotoni hakupenda kitu kama alivyopenda injini. Mimi ni dada yake mkubwa, Jemimah. Nilisoma mpaka kidato cha nne. Yeye aliishia darasa la saba, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea vitabu vya magari vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Ninayoyaandika hapa kuhusu injini nayafahamu, ijapokuwa mikono yangu haijawahi kushika spana.

Tulizaliwa karibu na Magwagwa katika nyumba ya Wasabato. Baba yetu, Manasseh, ni mzee wa kanisa. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama, maji yalikuwa yameshatekwa, kuni zimepasuliwa na chakula cha kesho kimepikwa. Joash alipokuwa na miaka tisa aliifungua baiskeli ya baba Ijumaa alasiri, na jua likazama kabla hajairudisha. Baba hakumchapa. Aliiacha vipande vipande uani, na asubuhi akaenda kanisani kwa miguu, maili tano, huku Joash akimfuata nyuma amembebea Biblia. Tangu siku hiyo sikumwona akigusa chombo cha kazi siku ya Sabato.

Mwaka wa 1966 alikwenda Keroka kujifunza ufundi kwenye malori. Hapakuwa na karakana. Lori likiharibika liliegeshwa kando ya barabara, na fundi akatandika gunia na kuingia chini yake. Mnajua mvua ya Keroka ilivyo. Miaka minane Joash alilala chali kwenye tope, maji yakimwingia mgongoni, mpaka akawa anakohoa kama mzee ilhali hajafika thelathini. Nami nilikuwa karani wa chama cha ushirika hapo hapo mjini, nikimpelekea chai saa nne. Hakulalamika. Siku moja tu aliniambia kwamba angependa kufanya kazi mahali penye paa na sakafu ya saruji, ili nati ikimponyoka aione ilipoangukia.

Ndipo akatokea Bwana Thadeus Machogu, mfanyabiashara wa mjini Kisii. Alikuwa amenunua kigari kutoka kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa akirudi kwao. Kilikuwa kigari cha mashindano, cha watu wawili, wazi juu, na chepesi hivi kwamba wanaume wanne waliweza kukiinua nyuma. Watu wa Keroka walikizunguka wakicheka. Nyangau, dereva wa lori aliyekuwa rafiki ya Joash, alisema, "Kijana wa Manasseh, nikikipakia hicho kwenye lori langu bado nitabaki na nafasi ya ndizi zote za Nyamache."

Joash akamjibu kwamba ndizi hizo zingeoza njiani, kwa mwendo wa lori lake.

Machogu alitaka kukiingiza kigari chake katika mashindano ya kupanda mlima yaliyoandaliwa na klabu moja ya magari, Jumapili moja ya Agosti 1974. Kila gari lilipanda peke yake barabara ya changarawe yenye kona nyingi, likipimwa kwa saa. Alikuwa anajenga karakana mjini Kisii, yenye paa la mabati, sakafu ya saruji na shimo la kusimama chini ya gari. Alimwambia Joash waziwazi kwamba gari likiwa miongoni mwa matatu ya kwanza, karakana itakuwa chini yake. Likishindwa, atamleta fundi kutoka Nakuru. Na Joash ndiye angeendesha, kwa kuwa tumbo la Machogu halikuenea nyuma ya usukani.

Shida ilikuwa hewa. Milima yetu iko juu, hewa ni nyepesi, na injini ndogo hukosa pumzi. Ilibidi hewa isukumwe ndani kwa nguvu, na njia zilikuwa mbili. Yule Mzungu alikuwa ameacha supachaja, pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Joash naye alikuwa amepata turbo kutoka kwenye trekta lililokufa. Hiyo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi, moshi ambao vinginevyo hutupwa bure. Kwa miezi mitatu nilimsomea kurasa juu ya kurasa, naye akazifunga mashine hizo mbili kwa zamu na kuzijaribu.

Jioni moja alinieleza kwa kutumia kikombe cha chai. "Dada, supachaja inakutii. Ukikanyaga kidogo inasukuma kidogo," alisema, akikisogeza kikombe taratibu mezani. "Turbo ya trekta ni kubwa mno kwa injini hii. Unakanyaga, imelala. Unakanyaga tena, imelala. Halafu inaamka yote kwa pamoja." Akakisukuma kikombe kwa ghafla, chai ikamwagika. "Ikiamka nikiwa kwenye kona, sijui."

Kwa hiyo alichagua supachaja. Nataka wote wajue kwamba alichagua vizuri.

Alhamisi kabla ya mashindano, puli, lile gurudumu dogo linaloshika mkanda wa supachaja, ilipasuka. Ogari, fundi wa kukereza vyuma mjini Kisii, alikuwa na kazi ya kiwanda mpaka Ijumaa usiku. Nafasi pekee kabla ya mashindano ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ogari alikuwa Mkatoliki na alituelewa. Alimwambia Joash asije, akae nyumbani na kusali. Yeye ataikereza puli na kuifunga kwa mkono wake, na Jumapili Joash atakuta gari tayari.

Jioni hiyo ya Alhamisi tulipanda Magwagwa kumwomba baba ushauri. Joash alikaa naye ndani kwa muda mrefu, nami nikamsaidia mama jikoni. Baadaye niliitwa. Baba alikuwa akisema kwamba amri haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumishi, na ng'ombe, na hata mgeni aliye malangoni. Ukimwachia Ogari kazi yako siku ya Sabato, umeifanya wewe.

"Lakini wewe ni mtu mzima," baba alimaliza. "Sitakufunga kamba."

Tulitoka nje. Joash aliniuliza ningefanya nini. Nilijua angenisikiliza. Maisha yake yote alikuwa amenisikiliza nikimsomea, na sauti yangu kwake ilikuwa kama sauti ya kitabu.

Nilimwambia, "Funga turbo kesho, umalize kabla ya jua kuzama. Ukimheshimu Mungu, hatakuacha kwenye kona."

Alitazama chini kidogo. "Haya, dada," akasema.

Ijumaa saa kumi na moja turbo ilikuwa imeshafungwa. Aliosha mikono, akapanda nyumbani. Jumamosi aliimba besi kanisani kama kawaida yake. Wakati wa chakula alikula kidogo, na niliona mguu wake ukikanyaga sakafu chini ya meza, polepole, kisha ukiachia, kisha ukikanyaga tena. Alikuwa akiipanda ile barabara. Nami nilimwona, nikaendelea kupakua chakula.

Jumapili nilisimama juu ya kona ya tatu. Nilisikia injini ikija kwa sauti ya chini, nzito, kama iliyochoka. Gari likaingia kwenye kona. Ndipo nikasikia mluzi, mwembamba, ukipanda haraka, na nikajua turbo imeamka kabla sijaona chochote. Nyuma ya gari ilizunguka ikawa mbele. Halikubingirika sana. Lilikuwa jepesi, likaruka ukingo kama kitu kilichotupwa, likaangukia kwenye mawe ya kijito. Machogu mwenyewe alitupeleka hospitali kwa gari lake lingine. Kichwa cha Joash kilikuwa mapajani mwangu. Hatukufika naye akiwa hai.

Kwenye mazishi mchungaji alisema kwamba marehemu aliwekewa mbele yake njia ya Mungu na njia ya dunia, naye akachagua bila kuyumba, na vijana wajifunze kwake. Watu waliitikia amina. Machogu alilia sana, na sidhani alikuwa mnafiki. Desemba karakana ilifunguliwa, na fundi wa Nakuru ndiye anayeisimamia. Nikienda Kisii napita barabara nyingine.

Kwa miezi mingi baba hakumtaja Joash. Kisha asubuhi moja tulikuwa tunachuma majani chai, yeye kwenye mstari wake na mimi kwenye wangu, akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Jemimah. Ile mashine nyingine ingefungwa, angeanguka?"

"Sijui, tata," nilimjibu baba. Kisha nikaona kwamba sitaweza kuendelea kuishi na jibu hilo. "Nadhani asingeanguka. Alikuwa amenieleza hatari ya turbo mapema."

Mikono ya baba iliendelea kuchuma, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Alifika mwisho wa mstari.

"Na mimi alinieleza," alisema. "Usiku ule, kabla hujaingia."

Alibeba kapu lake kwenda kwenye kituo cha kununulia chai, nami nikabaki shambani.

Bado nasali kila asubuhi. Namwombea mama, ambaye hajui lolote kati ya haya, namwombea baba, na hata yule fundi wa Nakuru. Joash sina namna ya kumwombea. Kanisa letu linafundisha kwamba wafu wamelala na hawajui neno lolote. Naamini hivyo. Basi hawezi kunisikia nikimwambia kwamba nilimshauri vibaya, na hakuna mwingine wa kunisamehe kwa niaba yake.