Maranda ya Barafu

Saa saba mchana, jua limekaa utosini, na Mama Baridi anacheka peke yake. Mikononi ana bonge la barafu lililoshikwa kwa gunia. Analisukuma juu ya randa ya seremala iliyogeuzwa chali na kukazwa mezani: fyaa, fyaa. Chini yake kikombe kinajaa maranda meupe, laini. Anamimina shira ya ukwaju, anachomeka kijiko.

"Haya, maranda ya ukwaju ni ya nani? Chukua kabla hayajawa maji!"

Ndiyo, maranda. Hapa langoni mwa hospitali hakuna anayeomba barafu tena.

Miezi minne iliyopita mama huyu alikuwa anafunga biashara. Kwa miaka minane alikwangua barafu kwa kisu, vikombe themanini siku ya jua kali, mpaka kifundo cha mkono kikavimba. Daktari akamwambia achague: kisu au mkono.

"Nililia, sikufichi," anasema. "Nyumbani tunakula kwa barafu hii. Mume wangu alipigwa na kiharusi miaka miwili nyuma, mkono wa kushoto hauna nguvu. Vifaa vyake vyote vikaingia uvunguni. Mtu akimuuliza kazi yake, anajibu, 'Nilikuwa seremala.' Basi, anageukia ukutani."

Jioni moja mzee huyo alimwona mkewe akishindwa hata kukamua shati. Akasema, "Mama, nivutie hilo sanduku la vifaa."

Ilimchukua siku kumi na moja kuigeuza randa yake kuwa mashine ya barafu, mbao amezibana kwa magoti. Mkewe alikatazwa kusogea karibu.

"Naonja kikombe cha kwanza, lahaula! Mdomo mzima mafuta ya cherehani!" anasimulia, amejishika mbavu. "Namuuliza, baba, umefanya nini? Ananijia juu: 'Randa bila mafuta itashika kutu, hata mtoto anajua!' Nikamwambia, sawa fundi, ila wateja wangu si milango."

Walinuniana mpaka saa ya chakula. Kisha wembe wa randa ukaoshwa kwa maji ya moto, na siku hizi hupakwa mafuta ya kula kila jioni. Uvimbe umenywea. Kisu kimerudi jikoni kukata vitunguu.

Sasa wana mpango wa randa ya pili, ya binti yao, akauzie stendi ya mabasi. Mbao zimeshakatwa. Fundi mwenyewe ameketi kwenye stuli nyuma ya meza, anasikiliza mlio wa wembe. Ukikwama kidogo tu, anadakia: "Taratibu, mama! Husukumi gari!"

Muuguzi mmoja anapokea kikombe chake, anachungulia chini ya meza. "Mzee, mashine hii mmeinunua wapi?"

"Haijanunuliwa, binti yangu," anajibu, akikaa vizuri. "Mimi ni seremala."

Mama Baridi anageuka kumtazama. Shira ya mteja anayefuata inafurika, inamwagika mezani, naye hasikii anavyoitwa.