Tandiko Moja kwa Migongo Miwili

Watu wananiuliza kwa nini sikubali tena kufundisha mutu kupanda farasi. Ninajibu kwamba magoti yananiuma. Uongo mutupu.

Patro wangu, bosi niliyemfanyia kazi, alikuwa na farasi wawili hapa Goma, dume na jike, wa kupandisha watu kando ya ziwa kila siku ya Mungu, misa ikiisha. Tandiko lilikuwa moja, la dume, mwenye mgongo mpana kama meza. Jike alikuwa mwembamba, mfupa wa mabega umesimama. Juu yake tandiko liliteleza, likalalia mfupa. Hata kipofu angeona.

Nikamwambia patro jike anahitaji lake. Akacheka. "Farasi ni bibi arusi, apimiwe nguo? Akiangusha mutu hata mumoja, ataenda Munigi kwa imbwa." Munigi kulikuwa na muzee mmoja aliyefuga imbwa za ulinzi na kuzitafutia nyama.

Basi nikafanya tunavyofanya hapa kwa kila mzigo. Nikachukua mupira wa chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubeba mizigo, ule ukanda wa kufungia magunia, nikamzungushia jike tumboni juu ya tandiko, nikaweka goti ubavuni nikavuta mpaka mishipa ikanitoka. Gunia la viazi likifungwa hivyo halianguki mpaka sokoni. Lakini viazi havipumui! Mimi na akili zangu timamu, hilo sikuliwaza.

Haikupita muda, jike akaanza kuuma. "Ana roho mubaya," patro akasema. Nikaenda kwa mchomelea vyuma, akanipindia kipande cha nondo, nikamtia mdomoni badala ya lijamu yake. Akatii, mate mekundu. Watu wakapiga makofi, nami nikajiona mwalimu.

Dume ungemtukana asubuhi nzima, asikusikie. Jike alitaka sauti tu, nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Nikawafundisha wote kwa fimbo ileile, maana fimbo haina kazi ya kufikiri.

Mwanafunzi wangu mmoja, mama muuza vitenge, alikuwa mzito wa mwili na wa mikono. Huyo ni wa dume. Siku hiyo dume alikuwa anachechemea, nikampandisha jike.

"Papa, mbona anatetemeka?"

"Anajifanya, mama. Vuta kamba!"

Akavuta. Jike akasimama kwa miguu ya nyuma, mama akaanguka kwenye mawe ya volkano, akavunjika mkono.

"Kesho Munigi," patro akasema, akaenda zake.

Nilipofungua mupira, blanketi la chini ya tandiko lilikuwa limegandana na mgongo. Likatoka na ngozi, na harufu, na mfupa nikauona. Ningemwita patro aone, labda angemwacha. Lakini angeuliza nani alifunga. Nikafunika.

Asubuhi nikampeleka bila tandiko, bila chuma, blanketi tu mgongoni na kamba shingoni. Njia nzima alinifuata, pua karibu na bega langu, hakuuma hata mara moja. Kwenye mawe makali nikasema, "Polepole, mama," akapunguza mwendo. Alikuwa ananisikia, masikini, siku zote alikuwa ananisikia.

Muzee wa imbwa akampapasa usoni. "Ee! Kumbe mupole hivi? Kosa lake nini?"

"Ana roho mubaya, muzee," nikasema, nikamkabidhi kamba.