Waja Wazito wa Mto Mkavu

Kiangazi kikikolea Haneti, Ugogo, mto hugeuka mchanga mtupu. Maji yapo, ila yamejificha chini, na wanawake huyafuata huko huko. Mmoja hushuka shimoni hadi mabega yakazama, akakwangua mchanga kwa kipande cha kibuyu, kisha akangoja. Maji huja yanapotaka. Hakuna wa kuyaharakisha, hata serikali ya Wajerumani. Nilipata kumwona askari wa boma akiyafokea kwa Kidachi, na hayakumjibu.

Mja mzito hashuki shimoni. Wanasema ukiingia ardhini na mtoto tumboni, mtoto atadhani amekwisha kuzikwa. Niliuliza atajuaje, kwani tumboni kuna dirisha? Wakanitazama kama mtu aliyekohoa wakati wa sala. Lakini sikubisha sana, maana mila hiyo ilinifaa. Wenzetu walishuka wakatuchotea, nasi tukakaa ukingoni penye kivuli cha migunga, miguu tumenyoosha, tukingoja zamu yetu. Sijaona mahali pengine katika nchi ile ambapo mwanamke aliweza kukaa kitako mchana kweupe bila kuitwa mvivu.

Mwaka ule tulikuwa watatu. Wa kwanza ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwenye mimba ya tano na ulimi usio na mlango. Wa pili ni mke wa askari. Alitoka pande za Tabora, na tangu aolewe alikuwa akifuata kikosi cha mumewe kutoka kambi hadi kambi, sufuria kichwani. Wa tatu ni mimi, mwenye mimba ya kwanza. Nilizaliwa Kolo, Urangi, nikapelekwa shule ya wamisheni, na huko nikakutana na kijana Mgogo aliyekuwa akisomea ualimu. Akanioa, akanileta kwao. Wifi alikuwa akisema shule iliniharibu kidogo tu: ilinifundisha kusoma, ikasahau kunifundisha kunyamaza.

Ukingoni palikuwa na sheria moja. Maneno ya pale hayakupanda njia kwenda nyumbani. Kwa hiyo kila mmoja aliweza kusema lile ambalo angelisema uani lingezua makelele.

Aliyeanza ni mke wa askari.

"Mimi mimba siipendi," alisema. "Haya, nipigeni mawe. Watu wananiambia nang'aa. Nang'aa nini? Ni jasho."

"Mtoto naye humtaki?" wifi akamuuliza.

"Mtoto namtaka. Ningeletewa tu, kama mbuzi wa mahari, amefungwa kamba."

Tulicheka hadi aliyekuwa shimoni akachomoa kichwa kuuliza kuna nini. Siku nyingine alisema mtoto anayelia aachwe alie. Wake wa kwanza alilia katika safari nzima ya kikosi, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumbembeleza, na sasa ni kijana mzima mwenye mapafu ya kupulizia tarumbeta. Mume naye, kwa maoni yake, bora awe safarini. Anarudi na chumvi na habari, na anaondoka kabla hujamchoka.

Wifi hakukubali kushindwa. "Mnajua wanavyosema mama huwapenda watoto wake sawasawa? Uongo. Mimi nampenda yule wa tatu. Wengine nawalisha."

"Wifi!"

"Nini wifi? Wanashiba wote. Nani amelalamika?" Kisha akainama kidogo. "Na mayai nimekula. Mimba zote nne."

Hilo lilikuwa zito. Mwanamke mwenye mimba hagusi yai, asije akazaa mtoto asiye na nywele.

"Na yule wako wa pili?" mke wa askari akauliza. "Mbona kichwa chake kinawaka?"

"Kile ni kipara cha ukoo wa baba yake. Yai langu lisisingiziwe."

Niliwapenda sana wanawake wale. Nilikuwa nimezoea kuwa mtu pekee mwenye maswali, na hapa kumbe kila mtu alikuwa nayo, ila wenzangu waliyatunza kwa ajili ya mahali panapofaa. Hata hivyo lile langu nililichelewesha. Yao yalikuwa yamekwisha kupita: mayai yameliwa, watoto wamelia. Langu lilikuwa bado mbele.

Kwao na kwetu, uzazi wa kwanza huwa kwa mama mzazi. Tumbo likishakuwa kubwa, mwanamke hurudishwa kwao, akajifungulia mikononi mwa mama yake, na mume hubaki akisubiri habari. Kwangu maana yake ilikuwa kuifuata njia ndefu ya Kondoa juani, tumbo mbele, pamoja na wapagazi na nyumbu wa serikali, hadi Kolo. Siku moja nikalitoa langu.

"Sitaki kwenda kwa mama. Nataka kuzalia hapa. Na nataka mume wangu awe karibu, asikie."

Hakuna aliyecheka. Mke wa askari, yule aliyesema angependa kuletewa mtoto kwa kamba, alijifunika mdomo kwa kanga.

"Asikie nini?" wifi aliuliza polepole.

"Asikie mtoto wake akilia mara ya kwanza. Kwa nini jambo hilo alisikie kila mtu ila yeye?"

"Mke wa mdogo wangu," alisema, "mimi nimekula mayai. Lakini wewe unataka kumla kuku mwenyewe na banda lake."

Kwa sheria ya ukingoni wifi hakuweza kunisemea nyumbani, hata angetaka. Ilibidi niseme mwenyewe. Nilimkuta mama mkwe akisaga uwele, nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamweleza. Hakuacha kusaga. Alisikiliza hadi mwisho, akapangusa unga juu ya jiwe kwa kiganja.

"Mwanangu, mtoto wa kwanza si wako, wala si wa mume wako. Ni wa mama yako. Ndiye aliyekulea, na huyo ndiye shukrani yake. Nikikuzuia hapa, Kolo yote itasema nimeiba."

"Na mama akija huku?"

Jiwe likasimama. Nilidhani nimemshinda, maana hilo lilikuwa jibu zuri na nililiandaa njia nzima kutoka mtoni. Lakini yeye alinitazama kwa huruma.

"Akija huku, mwanangu atakaa wapi?"

Hapo ndipo nilipoiona kamba niliyojifunga. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawapiti mlango mmoja, hawali mahali pamoja, na wakikutana njiani kila mmoja hujitupa upande wake. Hiyo ndiyo heshima ya ukwe, na Warangi na Wagogo waliobishana juu ya kila kitu kingine walikubaliana juu ya hilo. Nikienda kwa mama, mume atakuwa mbali. Mama akija kwangu, mume atatoka nyumbani mwake. Niliwataka wote wawili, na mila ilinitaka nichague.

Mume wangu alipopata habari alicheka, akasema aletwe mama, yeye atahamia kwa dada yake. Tembe la wifi lilipakana na letu. Kati yao ulikuwepo ukuta mmoja wa udongo. Nilimuuliza kama haoni ni upuuzi mtu kukimbizwa kwake na mgeni. Alisema anaona. Akakunja mkeka wake.

Tulituma neno Kolo kwa wafanyabiashara wa Kondoa, nasi tukabaki hatujui kama mama atakubali. Kwake hicho ndicho kilichokuwa kioja: bibi kumfuata binti! Lakini alikuja, na alikuja siku ambayo hakuna aliyemtazamia. Mume wangu alikuwa akitoka shuleni, mama akiingia kijijini, na njia ilikuwa moja. Kabla hawajajua ni nani, walikwisha kuonana uso kwa uso, kisha wote wawili wakajua. Mume wangu aliruka kushoto, ndani ya miiba. Mama akageuka kulia, akajifunika nguo kichwani, akatazama kichuguu. Nani atangulie? Mkwe hawezi kumpita mkwe aliyemgeukia. Kila mmoja alimngoja mwenzake aondoke kwa heshima, na heshima yao ilikuwa kubwa mno. Mchunga mbuzi mmoja aliwakuta hivyo, akapita kati yao na kundi lake lote, akaja kutuarifu kwamba njiani kuna watu wawili wamekufa wakiwa wamesimama. Wifi ndiye aliyekwenda kumshika mama mkono. Mume wangu tulimchomoa miiba mgongoni hadi jua likaelekea kuzama, na alikuwa akicheka kwa maumivu.

"Mkweo ana miguu mizuri," mama aliniambia alipokwisha kunywa maji. "Nimemwona akiruka."

"Si mkwe wangu, mama, ni mume wangu. Mkwe ni wako."

"Ndiyo maana sikumtazama," alisema, na sikuweza kujua kama ananitania.

Uchungu ulinikamata asubuhi, mbuzi wakitolewa zizini. Nilikuwa nimeahidi mbele ya wenzangu kwamba sitapiga kelele. Nilipiga. Mama alinishika mgongoni, mama mkwe mbele, nao hawakuwa na neno la pamoja zaidi ya Kiswahili chao cha sokoni, kwa hiyo nilizaa nikiamriwa kwa maneno ambayo kwayo watu huwauzia wenzao kunde: leta, ongeza kidogo, bado, haya, basi! Mtoto alitoka, mwanamke, na kabla hajapanguswa vizuri akalia kwa hasira kubwa.

Upande wa pili wa ukuta kitu kilianguka. Wifi alinisimulia baadaye kwamba kilikuwa kigoda, na aliyekuwa juu yake.

 Nilijua mume wangu yupo, sikio kwenye udongo. Nilimtazama mama. Naye alijua. Mila haikumruhusu amwambie neno mkwewe, na hata sasa sijaona sababu yake ya kuridhisha, ingawa nimewauliza wengi. Mama alimpakata mtoto, akasogea na kukaa karibu kabisa na ukuta, akaanza kusema naye kwa sauti ya mtu anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Mjukuu wangu! Mwambie baba yako wewe ni mzima! Mwambie mama yako ni mzima, ila ana kelele! Mwambie kuni zimekwisha!"

Mama mkwe alishika kinywa. Nikangoja. Ukuta ulikohoa.

"Mwanangu," mume wangu alisema kutoka ule upande, nikasikia akisimamisha kigoda, akaanza tena. "Mwanangu, mwambie bibi yako asante. Mwambie kuni zinakuja. Muulize... wewe unafanana na nani?"

Mama alimfunua mtoto uso, akamwangalia kwa muda mrefu, kwa haki, kama hakimu.

"Mwambie baba yako," alisema, "anafanana na mtu mmoja ambaye mimi sijapata kumwona."

Mama mkwe alicheka wa kwanza, kisha wifi kule, kisha mimi, ingawa kucheka kuliniuma. Walizungumza hivyo asubuhi nzima, mkwe na mkwe, mtoto akiwa katikati amelala, haelewi hata neno moja. Nilitaka kuwaambia kwamba wanasemezana kabisa, kwamba mila wameshaivunja. Nikamwangalia mama alivyokuwa akifurahi, nikanyamaza.