Jino la Kitope

Nilipokuwa mtoto mwenye mapengo, kule Mchombe, mtu mwenye maarifa kuliko wote katika ukoo wetu, kwa maoni yake mwenyewe, alikuwa Shangazi Anitha, dada mkubwa wa baba. Alijua maana ya kila ndoto na kila bundi. Kunyamaza tu ndiko kulikomshinda.

Jino la juu la paka wetu Kitope lilipopinda na kuchungulia nje ya mdomo, shangazi alitoa hukumu huku akinywa chai yetu.

"Huyo kigego. Mtieni kwenye kiroba mkamtupe mtoni, kabla hajamzika mtu humu ndani."

Kigego ni mtoto anayeanza kuota meno ya juu. Zamani alihesabiwa mkosi, na wengine hawakuachwa wakue. Kigego wa paka sijapata kumsikia, ila shangazi hakuzuiwa na jambo dogo kama hilo. Kitope alikuwa amekonda, hagusi hata dagaa, na panya walikuwa wakitumalizia mpunga. Shangazi akasema ndizo dalili zenyewe. Baba, dume zima la kulima na jembe la ng'ombe, alinywea mbele ya dada yake, akanituma kiroba. Nililia mpaka nikatapika.

Mama hakubishana na mtu. Alimtia Kitope kwenye kikapu, akamfunika khanga, tukaenda kwa bwana mifugo.

"Mama, mimi nimezoea ng'ombe," alisema akicheka, lakini akamfumbua mdomo. "Mkosi gani? Jino limepinda, linamchoma ufizi wa chini. Ona kidonda hiki. Hapa wewe ungekula?"

Akamchoma sindano ya usingizi, akaling'oa, akatuambia tumpe samaki wa kuponda mpaka kidonda kifunge.

Nililiomba lile jino. Sisi watoto, jino likitoka, tulilirusha juu ya paa. La Kitope nililirusha juu ya paa la nyasi la shangazi, upande anaolala.

Kitope akanenepa, panya wakakoma. Shangazi naye akaendelea kulala chini ya mkosi wake, akavuna, akaoza mabinti, akashika wajukuu, hata malaria ikamkwepa.

Juzi nilikwenda kumwamkia. Hajaitikia vizuri marahaba, akaanza: "Unamkumbuka yule kigego? Jino lile lingebaki kwenye ukoo huu, leo mngekuwa mnapalilia kaburi langu."

Siku hizi simwogopi. Namdharau, na bado nampelekea sukari, maana ni shangazi yangu. Kinachonikera ni wale vigego wengine, watoto wa watu, waliokwisha kwa neno la mtu kama huyu, kikombe kikiwa mkononi, na hapakuwa na wa kuwafunika khanga akaondoka nao.

"Kweli, shangazi," nikamjibu, nikitazama juu, kwenye zile nyasi. "Mungu alikulinda."