Tunduma kwa Ajili ya Shingo

Nilikwenda Tunduma kwa sababu ya sentensi moja. Ilikuwa katikati ya barua iliyokataa maombi yangu ya mafao ya ulemavu: "Mwombaji amesimama wima bila msaada, na hakuonyesha dalili ya maumivu." Nilikuwa dereva wa malori ya jeshi mpaka nikastaafu nikiwa koplo. Lori langu lilipinduka korongoni tukiwa mazoezini, likaniachia mgongo unaowaka kila ninapoinama na shingo isiyogeuka kushoto. Sasa vidole vya mkono wa kushoto navyo vimeanza kufa ganzi. Daktari wa wilayani aliniambia waziwazi kwamba nisipotibiwa hospitali kubwa mkono utapooza, na matibabu hayo siyawezi mpaka ikubalike kwamba niliumia kazini. Nilibakiwa na rufaa moja. Ikishindikana, faili linafungwa.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka nyumbani, huku milimani Ileje, mimi na mke wangu, Mama Tusekile. Yeye alibeba bahasha ya picha za eksirei, kwa kuwa mimi siaminiwi kubeba kitu kwa mkono wa kushoto. Gari la abiria lilipofika nilitaka kukaa dirishani upande wa kulia, nitazame mashamba. Akaniwahi.

"Wewe kaa huko kushoto," alisema.

"Kila safari unang'ang'ania upande huo."

"Kaa, Baba Tuse. Watu wanasubiri."

Nikakaa kwenye dirisha nisiloweza kulitazama. Mke wangu ana mambo yake. Njiani hutembea kulia kwangu, mezani hukaa kulia, na ukimhamisha utasikia maneno. Nilishaacha kubishana naye.

Barabara ya kwetu siku hizi ni ya lami, na sisi tulioijua ya tope huisifu kila tunapopita. Matuta yake siyasifu. Kila tuta lilipanda kutoka kiunoni mpaka kisogoni, nami nikauma meno. Baada ya moja kubwa zaidi dereva alinitazama kwenye kioo.

"Mzee, uko salama huko nyuma?"

"Niko imara," nikamjibu.

Mama Tusekile akaguna. "Hata dereva unamdanganya. Yeye atakupa cheo?"

Saa tatu tulifika Mpemba, tukaanza kujivuta pembeni mwa foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Zamani ningeshusha kioo niwasalimie madereva. Siku hiyo nilifumba macho. Nilikuwa nimechoka, na wala si uchovu wa safari ile peke yake. Nilichoka kueleza, kunakili vyeti, na kuambiwa karatasi fulani inakosekana.

Mjini Tunduma tulipumzika kwa shemeji yangu, mdogo wake Mama Tusekile, anayeuza vitenge karibu na mpaka. "Mwaiseni," alitukaribisha, kwa Kibemba anachowakaribishia wateja wake, akatumiminia chai. Kisha akaniuliza nilichokuwa nakwepa kuulizwa.

"Shemeji, mara ya kwanza daktari alikuuliza nini?"

"Aliniuliza hali."

"Ukamjibuje?"

"Nilisema safi."

Aliweka birika chini. "Shemeji, ulikwenda kudai ulemavu, ukasema safi?"

"Ndivyo alivyofundishwa," mke wangu akasema. Hakucheka, nami nikaona ni heri angecheka.

Saa sita tulikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ambamo jopo la rufaa lilikuwa likisikiliza. Wazee wenzangu walikuwapo, kila mmoja na bahasha yake, wote tumekaa migongo imenyooka utadhani tunasubiri gwaride. Tuliulizana hali na sote tukawa salama tu. Mmoja, goti lake limekufa kabisa, alipoitwa aliegemeza fimbo ukutani, akafuta uso, akaingia bila fimbo asionekane mnyonge. Nilimwelewa. Nikataka kumrudisha, nikabaki kwenye benchi.

Zamu yangu ilipofika, Mama Tusekile aliruhusiwa kuingia nami. Kulikuwa na viti vya wasindikizaji pande zote mbili. Akaenda kukaa kushoto, nyuma kidogo yangu. Nilishangaa, ila haukuwa wakati wa kuuliza.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti, daktari mwenye mvi, alisema, "Koplo Ambakisye," na kwa sauti ile nilijua naye amewahi kuvaa magwanda. Kabla sijafikiri visigino vyangu vilikuwa vimegongana, nimesimama mguu sawa.

"Hali yako?"

"Safi, afande."

Nililisikia likinitoka. Daktari wa kike aliyekaa kando yake alianza kuandika, na nilijua anaandika nini. Niliona aibu kubwa. Nilitaka kusahihisha, nikabaki mguu sawa.

"Baba Tuse," sauti ikaniita kutoka kushoto. "Nitazame."

Niligeuka mzima mzima, miguu, kiuno na mabega kwa pamoja. Maumivu yakanipiga kisogoni mpaka nikashika meza. Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Geuza shingo peke yake, koplo. Mwili uache."

"Haiwezi, afande."

"Tangu lini?"

"Tangu lori lilipopinduka."

"Mbona mara ya kwanza hukusema?"

"Walinikuta mguu sawa, afande."

"Legeza," akasema. "Vuta kiti, ukae, utuambie panapouma."

Nikakaa, nikasema. Daktari wa kike alinichoma vidole kwa sindano, na viwili sikuvisikia. Mwishoni mwenyekiti alisoma ile sentensi ya zamani kwa sauti, akasema wataitengua na kupendekeza jeraha lihesabiwe la kazini, na barua ya matibabu itanifikia wilayani. Nilitaka kupiga saluti. Mama Tusekile akanishika mkono, ukatulia.

Saa kumi tulipanda gari la kurudi. Alikaa kulia. Tulipoiacha Mpemba nyuma ndipo nilipomuuliza.

"Mle ndani mbona ulikaa kushoto?"

"Nilitaka ugeuke."

"Na siku zote unakaa kulia?"

Alikuwa anapanga upya picha zangu ndani ya bahasha. "Usigeuke," alisema.

Nikamuuliza ameanza lini. Akasema tangu likizo ile niliyorudi na kola ya hospitali shingoni, nikamwambia ni mchubuko tu. Miaka yote hiyo nilijisifu kwamba nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kuniona nikiumwa. Niliendelea kumtazama, naye alikuwa pale nilipoweza kumwona.